Rafiki Yako Akiwa Mwivi



Jioni moja nalikuwa napita njiani hapa Bomani, karibu na nyumba moja wanapoonyesha sinema kwa malipo kidogo, nikakuta vijana sita au saba wamesimama wakibishana kwa sauti kubwa. Walikuwa wametoka kutazama sinema ya Kihindi ya zamani, ambayo msimulizi huwafasiria kwa Kiswahili. Wala ubishi wao haukuwa juu ya mapigano waliyoyaona, bali juu ya neno moja. Mmoja alisema, "Yule askari hana haya. Amemwua aliyemlisha." Mwingine akajibu, "Asingempiga, angekuwa mwivi pamoja naye." Waliponiona wakasema, "Shikamoo, mzee," nami nikawaitikia, kisha wakanitaka niwaamue. Nikawaambia kwamba nitafikiri. Wakacheka, maana wanajua ya kuwa mzee asemaye "nitafikiri" hana jibu. Ni kweli, sikuwa nalo. Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyafikiri tangu siku ile.

Kwa ajili ya wale wasioijua sinema hiyo nitaieleza kwa ufupi. Jina lake ni Deewaar, yaani Ukuta. Ilitoka Bara Hindi mwaka 1975, mwongozaji wake Yash Chopra, na hadithi yake ilitungwa na waandishi wawili, Salim Khan na Javed Akhtar. Ni habari za ndugu wawili, Vijay na Ravi, waliopendana tangu utoto. Baba yao alikuwa kiongozi wa wafanya kazi. Wakubwa wakamtishia kwa maisha ya mkewe na watoto wake, naye kwa kuwaokoa akatia sahihi karatasi ya kuwasaliti wenzake. Akaaibishwa, akakimbia. Watu wenye hasira wakamshika Vijay, naye ni mtoto mdogo, wakamchora mkononi maneno yasiyofutika, kwamba baba yake ni mwivi. Mama akawachukua watoto mpaka mji wa Bombay, ambao tangu 1995 waitwa Mumbai, akafanya kazi ya kibarua. Na Vijay akapiga viatu rangi barabarani ili Ravi apate kusoma. Walipokuwa watu wazima Vijay akawa mchukuzi bandarini, kisha akaingia katika kundi la wapitishao mali kwa magendo, akatajirika. Ravi akawa afisa wa polisi. Siku moja akapewa faili la kazi, na ndani yake akalikuta jina la ndugu yake.

Hakutaka kulipokea. Lakini ikatukia kwamba alimpiga risasi ya mguu kijana aliyekuwa akikimbia, akaona kwamba alichoiba kijana yule ni mkate tu. Ravi akachukua chakula akaenda nyumbani kwa wazazi wake. Mama wa kijana akamshutumu kwa uchungu. Lakini baba, mwalimu mzee, akasema kwamba wizi ni wizi, uwe mdogo, uwe mkubwa. Basi Ravi akaona haya. Ikiwa amempiga mwenye njaa kwa ajili ya mkate, atamwachaje ndugu yake mwenye jumba? Akamwendea Vijay, akamtaka atie sahihi karatasi ya kuungama. Vijay akakataa, akamtaka yeye kwanza akalete sahihi za wale waliomdhulumu baba yao. Mama akaondoka katika lile jumba la fahari, akafuatana na mwanawe askari. Mwisho Ravi akampiga ndugu yake risasi, naye akafa hekaluni mikononi mwa mama yake.

Waandishi wale wale wawili walikuwa wametunga hadithi nyingine miaka miwili kabla, katika sinema iitwayo Zanjeer, yaani Mnyororo, iliyotoka mwaka 1973, mwongozaji wake Prakash Mehra. Humo mna afisa wa polisi, naye pia aitwa Vijay, na mtu mmoja jina lake Sher Khan, mwenye nyumba za kamari. Sher Khan alipoitwa kituoni alitaka kuketi kama bwana. Afisa akakipiga kiti teke. Sher Khan akamwambia kwamba ujasiri ule ni wa mavazi ya serikali, si wake mwenyewe. Afisa akavua mavazi ya kazi, akamfuata mtaani kwake, wakapigana wao wawili. Baada ya siku ile Sher Khan akaacha kamari, akafanya kazi ya kutengeneza magari, akawa rafiki wa kweli. Na afisa alipozushiwa kwamba amekula rushwa, akafungwa, urafiki ule haukufa.

Tazama, basi. Hadithi ni mbili, watunzi ni wale wale. Katika moja mlinzi wa sheria na mvunja sheria wanaanza kama ndugu, wanaisha kwa risasi. Katika ya pili wanaanza kama adui, wanaisha kama ndugu. Tofauti hiyo imetoka wapi?

Labda mtu atauliza, "Mambo ya Bombay yatuhusu nini sisi watu wa Tarime na Serengeti?" Jina la mahali petu latosha kumjibu. Bomani ni mahali pa boma la serikali, watu waendako kumtafuta hakimu, karatasi na askari. Lakini boma ni zizi la ng'ombe pia. Neno ni moja, nyua ni mbili. Na vijana wetu wengi wamezaliwa katika ua mmoja wakaitwa kuutumikia wa pili.

Kila mtu azijua sifa za Wakuria katika kazi ya silaha. Tangu siku za jeshi la King's African Rifles wanaume wa nchi hii wameingia katika jeshi na polisi kwa wingi. Kila mtu aijua pia habari ya wizi wa ng'ombe. Zamani vijana waliwateka ng'ombe wa watu wengine ili waonekane kuwa mashujaa, tena wapate mahari. Siku hizi ng'ombe wa wizi hupelekwa mnadani na kwa wachinjaji, akawa fedha kabla jua halijachwa. Mpaka uliopatanwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886 umewagawanya Wanyabasi, Wakira, Wairege na Wagumbe, wengine wakawa upande wa Tanzania na wengine upande wa Kenya, na ng'ombe akiisha kuvuka kwa njia za porini ni shida kumrudisha. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 bunduki zilizidi katika nchi, na mtu aliyezoea kufuata nyayo za ng'ombe wake kwa rungu akakuta mbele yake risasi.

Katika mambo hayo rika moja hutoa askari na mwivi. Wametahiriwa msimu mmoja, wamevumilia kisu pamoja bila kulia, wameitana wenzi tangu hapo. Miaka ikapita, mmoja akavaa mavazi ya serikali, wa pili akajifunza njia za usiku. Wakikutana msibani huketi benchi moja. Basi swali la wale vijana si la Bombay tu. Ni letu.

Nimesikia majibu mawili. La kwanza lasema, rafiki kwanza. Wenye kusema hivyo husema, "Serikali huja na kwenda. Wajerumani walikuja wakaenda, Waingereza wakaja wakaenda; lakini mwenzi wako ndiye atakayekuzika." Neno hili si la kipumbavu. Mtu asiye na mwenzi wa kumficha siku ya kuonewa ni maskini kweli. Yonathani alimficha Daudi asiuawe na mfalme, na mfalme huyo alikuwa baba yake mwenyewe, nasi twamsifu mpaka leo. Lakini tuangalie vema. Daudi hakuwa amemdhulumu mtu; Yonathani alimkinga asiye na hatia. Kabla ya kumficha rafiki yafaa tuulize kwanza, Yuko nani anayelia? Maana ng'ombe hatoki zizini pasipo kumwacha mtu akilia. Labda ni mjane, na ng'ombe wale walikuwa mahari ya mwanawe. Labda ni mzee aliyekusudia kuuza dume mmoja apate ada ya shule. Mtu anyamazaye husema, "Sikumsaliti mtu." Amemsaliti yule mwenye ng'ombe, ila kwa kuwa hakutazamana naye machoni, hakuona.

Jibu la pili lasema, sheria kwanza. Hili nalo lina kweli yake, nayo ndiyo aliyoisema yule mwalimu mzee katika sinema. Sheria ikianza kutazama nyuso, itawapiga wenye mkate na kuwaacha wenye majumba. Askari amwachaye mwenzi wake wa rika leo, kesho hawezi kumshika mtoto wa mtu mwingine bila kuwa mnafiki. Lakini nimeona pia kwamba wengine hulisema neno hili upesi mno. Mtu amtoaye mwenzi wake bila kumwonya hata siku moja, wala moyo usimwume, huenda hakuipenda sheria. Huenda alipenda zawadi, au alikuwa na kisasi cha zamani cha shamba au cha mke.

Hata hivyo majibu hayo mawili yana kosa moja, na kosa hilo nililijua kwa mambo yaliyonipata mimi mwenyewe. Nitayasimulia, ingawa hayaniletei sifa.

Nalipokuwa kijana nalikaa kijiji kimoja cha milimani, mbali kidogo na mji. Nalikuwa na mwenzi wa rika langu. Usiku mmoja karibu na mapambazuko nalisikia kwato njiani nyuma ya nyumba yangu; walikuwa ng'ombe wachache. Nikasikia na mtu akikohoa. Mtu uliyelala naye malishoni tangu utoto, kikohozi chake wakijua kama jina lako. Nikavuta shuka. Kulipokucha yowe likapigwa. Ng'ombe wawili wa jirani hawapo. Watu wakafuata nyayo mpaka barabarani, zikapotea, kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada na mifugo mingi ilikuwa imepita. Wazee wakaita iritongo, yaani baraza la wenyeji, wakauliza mmoja mmoja, nani aliyesikia neno usiku? Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi nalikuwa nimelala." Mwenzi wangu alikuwa ameketi ng'ambo ya baraza, akanitazama, kisha akatazama chini. Nikadhani kwamba nimemwonyesha upendo.

Miaka ikapita, wala hatukusemezana habari hiyo hata mara moja. Yeye akaendelea, wawili wakawa kumi, na rungu likawa bunduki. Mwisho akakamatwa, baada ya mtu mmoja kuumizwa vibaya, akahukumiwa miaka mingi. Nalikwenda kumtazama gerezani, nikachukua sabuni na sukari. Nalitazamia kwamba atanishukuru kwa kunyamaza kwangu. Akaniuliza, "Ule usiku wa kwanza, ulisikia?" Nikasema, "Nalisikia." Akanyamaza muda, kisha akasema, "Nalijua. Nalingoja uje uniambie. Siku tatu sikulala nikikungoja. Walikuwa ng'ombe wawili tu, tena nalikuwa naogopa. Ungalikuja, ningaliwarudisha."

Wasomaji, sijui kama angaliwarudisha kweli. Mtu aliyefungwa huona njia nyingi alizoweza kupita. Lakini najua ya kuwa mimi sikumpa nafasi. Nalidhani naulinda urafiki, kumbe nalikuwa najilinda mwenyewe, nisimwone akinikasirikia. Wazee husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni vivyo hivyo kwa rafiki.

Hili ndilo kosa la majibu yale mawili. Yote yanahesabu tangu siku ya mwisho, bunduki ikiisha kuinuliwa. Siku hiyo hakuna jibu jema tena. Lolote utakalochagua litakuachia jeraha. Ravi hakuwa na njia njema siku aliyompiga ndugu yake. Alikuwa nayo zamani, na mama yao alikuwa nayo, siku fedha za kwanza zilipoingia nyumbani, kabla ya jumba na kabla ya faili. Ile karatasi ya kuungama ilikuja ikiwa imechelewa, tena ilikuja mkononi mwa afisa. Lakini katika sinema ya Mnyororo neno kali lilisemwa siku ya kwanza, uso kwa uso. Na yule afisa alikubali kuvua mavazi ya serikali, asimame kama mtu mbele ya mtu. Sisemi kwamba tupigane na rafiki zetu. Nasema kwamba Sher Khan alibadilika kwa sababu alikutana na mtu aliyemwambia neno mapema, akamfuata mpaka kwake.

Walimu wetu wa katekisimo wanaijua shida iliyomo hapa, maana wanaulizwa na watoto. Katika kuieleza amri ya saba Luther hakusema tu tusiibe; alisema pia tumsaidie jirani kuitunza mali yake. Basi aliyesikia kwato akavuta shuka ameivunja amri ya saba, ingawa mkono wake haukugusa kamba. Lakini katika amri ya nane Luther akataja pia kumsaliti jirani kuwa dhambi. Mtoto huuliza, "Je, nikimtaja mwivi, simsaliti?" Nafikiri jibu ni hili. Linalokatazwa hapo ni usaliti wa uongo na kumharibia mtu jina. Kumwambia mtu kweli machoni pake si kumsaliti. Kumnong'ona nyuma yake huku ukila naye ndiko kumsaliti. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 29, chamhesabu mtu ashirikianaye na mwivi na kunyamaza kuwa adui wa nafsi yake mwenyewe. Mimi nalikuwa adui wa nafsi mbili.

Basi twapaswa kutenda nini? Kwanza, ukijua, nenda kwa mwenzi wako siku ile ile, peke yako, umwambie kwamba unajua. Usimtishe, wala usimpe nasaha ndefu. Pili, mpe njia ya kurudi, mwambie, "Twende pamoja tukamrudishie mwenyewe, nami nitasimama kando yako, na kama kuna faini nitakusaidia." Tatu, akikataa, mwambie wazi kwamba ukiulizwa hutasema uongo, ili asije akadhani umemvizia. Nne, akiisha kuhukumiwa, usimwache. Sabuni na sukari za gerezani ni kitu kidogo, lakini husema kwamba ulichukia tendo lake, si yeye. Tena kama kuna damu inayotaka kumwagika usiku huo, usingoje hatua hizo. Piga yowe, kwa kuwa uhai wa mtu hauna fidia.

Kuna tahadhari moja. Rafiki asiwe hakimu, wala kundi la watu lisiwe hakimu. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Huku kwetu walikuja katika miaka ya 1990, na watu wengi walishukuru kwa kuwa walilala usingizi. Lakini fimbo ya wengi haiulizi vema. Mtu akitajwa kwa chuki huweza kufa kabla hajajitetea. Ukimpeleka mwenzi wako, mpeleke mahali atakaposikilizwa, uende pamoja naye, wasimpige njiani. Na askari naye ajue ya kuwa akila sehemu ya ng'ombe wa wizi, amewafunga vinywa watu wote wema wa kijiji. Maana nani atampeleka rafiki yake kwa mwivi mwingine?

Wale vijana nimekutana nao tena wiki iliyopita. Walinikumbusha deni langu. Nikawaambia kwamba askari yule hakukosa alipompiga ndugu yake, wala hakufanya vema. Alikuwa amechelewa tu. Mmoja wao hakuridhika, akauliza, "Sasa mzee, mtu atajuaje kwamba bado hajachelewa?" Nikamwambia, "Ukiwa bado unaona haya kumwambia, hujachelewa. Nenda leo." Wenziwe wakacheka. Yeye hakucheka. Akaaga, akashika njia, na sikumwuliza aendako.